Lorene Haegemei Upande

Watu wa kwetu hawasemi hapana. Ukimwomba jirani trela lake na hataki kukuazima, atakuambia gurudumu moja linamtia wasiwasi, kisha atayasifia mahindi yako na mtaagana mkicheka. Hutajua kamwe kama umenyimwa. Ni watu wema, wanaleta chakula kwenye misiba na wanalima shamba la mgonjwa bila kuombwa, lakini kuna siku unatamani mmoja wao akutukane waziwazi, angalau ujue umesimama wapi.

Raelynn Stroud hakulelewa katika adabu hiyo. Alizaliwa kwenye nyumba ya bati kando ya reli, kwa mama aliyekuwa akisema lolote lililomjia mdomoni na kurusha sahani alipokosa la kusema. Serikali ya jimbo ilipomchukua alikuwa na miaka kumi na minne, na mdogo wake Tessa alikuwa na miwili, bado anavaa nepi. Wote wawili wakapelekwa kwa Lorene na Duane Kucera, wakulima wa nje kidogo ya mji wa Dvorek, wasio na mtoto wao wenyewe.

Usiku ule wa kwanza Lorene hakuwauliza chochote. Aliwapakulia maharage na nyama ya kusaga yenye pilipili, na pembeni mkate mtamu wa mdalasini, kama wanavyokula watoto wa shule zote za kwetu. Aliukata mkate wake katikati, akaisogeza nusu kwenye sahani ya Raelynn, akaendelea kula. Basi ikawa desturi yao. Ilimchukua Raelynn karibu mwaka mzima kula bila kuificha mikate mfukoni, na miaka miwili kumwita yule mwanamke Mama. Siku aliyomwita hivyo, Lorene aliinamia mkoba wake akaanza kutafuta kitu, akatafuta wee, hadi Duane akamwambia leso iko mkononi mwake.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia Lorene hakuwapenda. Aliwapenda, na hapo ndipo uchungu wa mambo haya ulipo.

Jimboni kwetu mtoto wa serikali akitimiza miaka kumi na tisa, serikali humwachia mkono. Raelynn alihamia chumba kimoja juu ya duka la kinyozi, akapata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wazee, na kila Jumapili alirudi shambani kwa akina Kucera kula chakula cha mchana na kumsuka Tessa nywele. Tessa sasa alikuwa na miaka saba, amepoteza meno mawili ya mbele, na hakubali kusukwa na mtu mwingine. Mama yao mzazi alikuwa gerezani na mahakama ilikuwa imemwondolea haki zake zote juu yao. Akina Kucera walikuwa wameomba kumwasili Tessa, awe mtoto wao kisheria, na kesi ilipangwa kusikilizwa majira ya kuchipua. Kuhusu Raelynn, Lorene alimwambia yeye ameshakuwa mtu mzima, wao hawahitaji karatasi. Raelynn alilipenda jibu hilo. Alilirudia hata kwa wazee aliokuwa akiwapelekea uji.

Majira ya baridi alialikwa kwenye mkutano wa vijana waliolelewa na serikali, na huko akajifunza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mtoto akishaasiliwa, sheria inaikata damu. Tessa atakuwa na wazazi wapya, babu na bibi wapya, na mbele ya sheria hatakuwa na dada. Wazazi wapya wakitaka kumfungia dada mlango, watamfungia, wala hakuna jaji atakayewauliza sababu.

Kijana mmoja mkutanoni alikuwa hajamwona mdogo wake tangu siku alipoasiliwa. Raelynn alimwonea huruma, na moyoni akamshukuru Mungu kwamba yeye ana Mama Lorene.

Mwaka huo Seneta Agnes Pospisil alikuwa amepeleka muswada kwenye Bunge la jimbo kuboresha malezi ya watoto hawa. Ulikuwa na mambo mengi mazuri: daktari wa meno, kutohamishwa shule kila mtoto anapohamishwa nyumba, na sanduku la nguo kwa kila mmoja badala ya mfuko wa taka. Kifungu cha nne kilisema ndugu wataendelea kuonana hata baada ya mmoja wao kuasiliwa, isipokuwa jaji aone kuna madhara. Seneta mwenyewe, mama wa makamo aliyekuja mkutanoni na viatu vya matope, aliwaambia vijana kuwa kifungu hicho ndicho moyo wa muswada, na kwamba yuko radhi azame nacho kuliko kukitupa majini. Akamwomba Raelynn aje kusema mbele ya kamati.

Jumapili iliyofuata Raelynn aliyasimulia yote mezani. Duane alisema mvua ya theluji imekaribia. Lorene akasema, "Hilo ni jambo la kufikiriwa," akainuka kwenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Mwenyeji halisi wa Dvorek angelisikia hilo na kuelewa. Raelynn alikuwa ameishi miaka mitano na watu wa kwetu, lakini lugha ya kunyamaza alikuwa bado hajaijua sawasawa.

Na usifikiri Lorene alimwacha peke yake. Alimsaidia. Jioni kadhaa walikaa jikoni, kengele ya jiko imetegwa dakika tatu kwa sababu kamati haikupi zaidi ya hizo, Raelynn akisoma na Lorene akimrekebisha. Alimwambia asiseme "walituteka" bali "walituchukua." Alimwambia anyooshe mgongo. Akamshonea pindo la sketi. Siku yenyewe ilipofika alimpeleka mji mkuu wa jimbo kwa gari lake, mwendo wa saa mbili, akiwa na sandwichi za nyama ya nguruwe kwenye kopo na mkoba wake mapajani mwa Raelynn, ameuweka hapo kama unavyompa mtu wako wa karibu kitu akushikie.

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia la kijani na joto la kupita kiasi. Utaratibu wa kwetu ni huu: kwanza husema wanaounga mkono, halafu wanaopinga, mwisho wasioegemea upande wowote. Mezani kuna taa. Ya kijani ikiwaka unasema, ya njano unaharakisha, nyekundu unanyamaza.

Raelynn alisema vizuri. Alieleza jinsi alivyomfundisha Tessa kuhesabu vidole kwenye ukumbi wa ofisi ya ustawi wa jamii wakati watu wakitafuta pa kuwapeleka. Alieleza kuhusu yule kijana wa mkutanoni. Mwisho, taa ya njano ikiwa imeshawaka, aliiacha karatasi yake akawatazama.

"Mimi nina bahati," alisema. "Mama anayemwasili mdogo wangu amenileta hapa leo, yule pale amekaa. Mimi sihitaji kifungu cha nne. Lakini si kila mtu amempata Lorene Kucera."

Seneta mmoja mzee alivua miwani akaipangusa. Raelynn alirudi kitini. Lorene akampigapiga gotini mara mbili, bila kumtazama.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, wakili mwenye kikohozi, na Seneta Pospisil alimmaliza kwa swali moja. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna asiyeegemea upande. Lorene akachukua mkoba wake akasimama. Raelynn alidhani anakwenda msalani. Alivuta magoti pembeni ampishe.

Lorene alipita, akatembea hadi kwenye meza yenye taa, akaketi.

Alijitambulisha kwa jina na mji. Alisema haungi mkono wala hapingi, hakuja kumpinga mtu, maana yule binti aliyetoka kusema ni kama mtoto wake na anajivunia sana. Alitaka tu kuwapa waheshimiwa jambo la kufikiria. Alisema yeye na mumewe wamelea watoto wa serikali kwa miaka kumi na moja. Walilea vichanga viwili, mmoja baada ya mwingine, na kila mara akatokea ndugu asiyejulikana alikotoka, akagonga mlango na karatasi ya jaji mkononi, na yeye Lorene akapanga nguo za mtoto na kumkabidhi. Hapo akaanza kulia.

"Mtoto akishakuwa wangu," alisema, "nataka niweze kuufunga mlango wangu. Nikiambiwa na jaji nani aingie, basi bado ninailelea serikali mtoto wake. Na ndugu wanapendana, sikatai, lakini upendo wa ndugu unaweza kuumiza. Mimi namjua dada mmoja, mwema kabisa, aliyemwachia mdogo wake simu kutoka gerezani, asikilize sauti ya mama ambaye mahakama ilishamkataza. Mtoto yule alikojoa kitandani mwezi mzima. Kuna siku mama inabidi amlinde mtoto hata na wanaompenda. Ni hayo tu. Siegemei upande."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mle ndani dada alikuwa mmoja.

Ilitokea kweli. Raelynn alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yao alipiga simu, Tessa akaidaka kabla hajamzuia, na Raelynn, badala ya kuinyang'anya, aliacha wazungumze, kwa sababu mama alikuwa akilia. Usiku huohuo alimweleza Lorene yote, akitarajia kufukuzwa. Lorene alimkumbatia akamwambia limeishia hapa, mezani. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na Lorene, mwanamke msiri kuliko wote Dvorek, aliumwaga wote siku ile mbele ya maseneta na kamera, huku akipangusa machozi ambayo yalikuwa ya kweli.

Raelynn alihisi masikio yakimwaka moto. Aliona yule seneta wa miwani akitikisa kichwa polepole, kukubali. Wakili asingeweza kuwageuza kwa mwaka mzima wa hoja. Mpinzani unamjibu, lakini mama anayelia na kusema hapingi, utamjibu nini?

Nje ukumbini Seneta Pospisil alimshika mkono Raelynn. Alimwambia ameongea vizuri mno, hajawahi kusikia mtu akiongea vizuri hivyo. Kisha akasema amehesabu vichwa, na kifungu cha nne kitaondolewa ili vingine vipite.

"Ulisema utazama nacho," Raelynn alimwambia.

"Nilisema hivyo, na siku ile nilimaanisha. Lakini nusu mkate nao ni mkate, mwanangu. Fikiria wale watakaopata masanduku."

Raelynn aliwafikiria. Aliona watoto wamejipanga na masanduku mapya, kila mmoja akipelekwa kwake.

Sasa fikiria saa mbili za kurudi, gari lilelile, mkoba uleule. Raelynn hakuwa na nauli ya basi, na basi lenyewe halifiki Dvorek. Mashamba yalikuwa meupe pande zote. Lorene aliendesha mikono miwili usukani, akasema barabara afadhali kuliko asubuhi. Akasema sandwichi zimebaki. Walipofika mji ulio katikati ya safari, alisimamisha gari mgahawani kama walivyosimama mara nyingi, akaagiza maharage na mkate wa mdalasini, akaukata katikati, akasogeza nusu.

Raelynn aliiangalia ile nusu.

"Ungeniambia," alisema. "Jikoni. Usiku wote ule unanitegea kengele."

"Sikutaka kukuvunja moyo kabla hujasema. Ulikuwa umejiandaa vizuri."

"Ukanishonea na sketi."

"Ilikuwa imefumuka, mwanangu."

"Mama, umewaambia habari ya simu."

Lorene aliweka kisu chini. "Sikutaja jina. Na sikupinga, Raelynn. Ulinisikia. Nilisema siegemei upande."

"Ungepinga," Raelynn alisema. "Ungesimama na yule wakili ukasema humtaki Raelynn mlangoni kwako. Ningekuchukia, halafu ningekujua. Mimi nilisimama nikakutaja jina kwa sifa mbele ya watu, na wewe umekaa hapo unajua unachokwenda kufanya."

Mhudumu alikuja kuongeza kahawa, wote wawili wakamshukuru kwa adabu. Alipoondoka, Lorene aliongea kwa sauti ya chini sana. Alisema Raelynn hajawahi kupanga nguo za mtoto kwenye mfuko asubuhi, akarudi chumbani na kukuta kitanda bado kina joto. Alisema mtu akifanya hivyo mara mbili anakuwa na hofu ambayo hawezi kuisimamia, na kila anayegonga mlango, hata akiwa ni mtu anayempenda, anamsikia kama yule wa karatasi.

Raelynn alimwamini. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba alimwamini na halikupunguza kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, lakini hawasemi ufanye nini ikiwa nguo yenyewe ndiyo pekee uliyo nayo, na nje ni baridi.

"Mkishamwasili, nitamwona Tessa?" aliuliza.

"Bila shaka. Swali gani hilo."

"Kila Jumapili?"

Lorene aliuvuta mkoba wake, akaufungua, akaanza kutafuta kitu ndani. "Tutaona mambo yatakavyokwenda," alisema.

Raelynn alivaa koti akaenda kumsubiri garini. Nusu ya mkate ilibaki kwenye sahani.

Walipofika shambani Tessa alitoka mbio hadi kibarazani na nyundo ya mbao ya kupondea nyama. Duane alikuwa amemwambia kwamba siku ya kuasiliwa jaji huwaachia watoto wagonge nyundo wenyewe. Kwetu ndivyo ilivyo, wanaona inampendeza mtoto, na kweli humpendeza. Basi Tessa akataka kufanya mazoezi, na alitaka dada yake amshikie ubao. Raelynn alipiga magoti pale jikoni na koti lake, akaushika ubao kwa mikono miwili, na Tessa akagonga, akagonga, akiuliza kama inasikika sawasawa.

Muswada ulipita bila kura hata moja ya kuupinga. Gazeti la Dvorek lilitoa picha ya Raelynn akiwa mbele ya kamati, na Lorene aliikata akaibandika kwenye jokofu kwa sumaku yenye umbo la muhindi. Raelynn alialikwa kushuhudia sheria ikitiwa saini. Hakwenda, wakamtumia kwa posta kalamu iliyotumika kutia saini. Jumapili za majira yale aliendelea kwenda shambani. Mbili ziliahirishwa, moja kwa mafua, nyingine kwa wageni.

Siku ya kesi ilikuwa ya jua. Mahakama ya wilaya ilipambwa kwa maputo. Tessa alivaa gauni la njano na nywele zake zilikuwa zimesukwa na Raelynn asubuhi ileile, nje, kwenye ngazi za mahakama, kwa sababu Tessa alikataa kuingia na nywele alizofungwa na Lorene. Ndugu wa Duane walijaa benchi zima. Raelynn alikaa mwisho, karibu na ukuta.

Jaji alikuwa mwanamke mcheshi. Aliwauliza akina Kucera maswali ya kawaida, wakajibu. Kisha akainua macho akauliza kama kuna mtu anayetaka kusema lolote kabla hajatia saini.

Lorene aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mgahawani kumtazama Raelynn usoni, na Raelynn aliona hofu yote iliyosimuliwa ile siku, ipo pale machoni, wazi kabisa. Alijua kwamba akisema neno moja la kupinga, jaji ataiweka kalamu chini. Kesi itaahirishwa, watatumwa watu wa ustawi, watauliza maswali, na Tessa atarudi kuwa mtoto wa serikali kwa muda usiojulikana. Mwezi mmoja, labda mwaka. Lorene naye angeonja kungojea mlangoni. Raelynn alilitaka jambo hilo kwa nguvu zilizomtisha. Akamtazama Tessa, ambaye alikuwa amepandishwa kando ya jaji, akipima uzito wa nyundo yake kwa mikono miwili, ulimi ukichungulia penye pengo la meno.

Akasimama.

"Mimi ni Raelynn Stroud, dada yake," alisema. "Naunga mkono. Nasema waziwazi ili mtu asije kusema sikuwa na upande."

Jaji alitabasamu, akadhani ni mzaha wa kifamilia. Shemeji wa Lorene alipiga makofi. Lorene hakupiga.

"Haya, Tessa," jaji alisema akiweka saini. "Gonga tumalize."

Tessa alinyanyua nyundo juu ya kichwa kama alivyofundishwa, akagonga kwa nguvu zake zote, watu wakashangilia. Kisha akashuka mbio, akawapita Duane na Lorene waliokuwa wamefungua mikono, akaja hadi mwisho wa benchi.

"Umeniona nilivyogonga?"

"Nimekuona."

"Ilisikika?"

"Ilisikika sana."

"Jumapili ukija nitakuonyesha tena," Tessa alisema. "Si atakuja, Mama?"

Raelynn aliinua macho. Lorene alikuwa ameinamia mkoba wake, anatafuta kitu.